Sukari ya Bi Eudene

Usiku ule nilikesha dirishani nikiutazama mlango wa jirani yangu, Bi Eudene. Alikuwa amepelekwa hospitali mjini Bridgetown na kidonda cha mguu kisichopona, na daktari alishasema huenda mguu ukakatwa. Nilimpigia simu mpwa wake aliyempeleka, haikupokelewa.

Sukari ndiyo iliyomlea Bi Eudene. Utotoni alifunga mizigo ya miwa na mama yake. Ukubwani akapika kashata za nazi, nyeupe na za waridi, akiziuzia mlangoni kwake. Mlango wenyewe ni wa vipande viwili, na kipande cha juu kikiwa wazi, kijiji kizima kinajua kashata zipo. Kila mnunuzi kwake ni "sukari yangu", hata polisi aliyekuja kulalamikia redio yake. Mtoto asiyembusu hapewi kitu. "Lete sukari kwanza!"

Halafu sukari ikamwingia damuni. Akaacha kuonja. Siku hizi hudondosha shira kwenye maji baridi, akaiminya kwa vidole, ikishikana imeiva.

Alichokataa kuacha ni kucheza. Kila mavuno, gari la mwisho la miwa likipita limepambwa maua, yeye yuko nyuma yake, kiuno kama hakina mfupa. Mwaka huu lingepita Jumamosi.

Alfajiri usingizi ukanishinda. Binti yangu Shonelle akanitikisa.

"Mama! Kwa Bi Eudene pamefunguliwa!"

Nilitoka na gauni la kulalia. Kipande cha juu tu kilikuwa wazi, naye amekiegemea cha chini kwa viwiko vyote.

"Sukari yangu, mbio zote hizo, kwako kunaungua?"

"Umerudi saa ngapi?"

"Mpwa wangu kanileta, wewe unakoroma dirishani. Mlinzi gani wewe!"

Shonelle akaangua kicheko. Mimi sikuweza. Kwa nini ameegemea vile?

"Bi Eudene, fungua na chini."

"Chini kuna nini? Kashata zinauzwa juu."

"Fungua, nakuomba."

Akaniangalia, utani ukampungua kidogo. Akanigeuzia shavu.

"Lete sukari kwanza."

Nikambusu, nikamlowesha machozi. Akavuta komeo, mlango ukafunguka mpaka chini. Miguu ilikuwa miwili. Mmoja umefungwa bandeji, vidole vikichungulia, naye akavichezesha mbele ya macho yangu.

"Jumamosi nitacheza polepole," akasema. "Umeridhika, polisi?"