Mashua ya Enoki Mtewele Iliyotolewa Chuma

Enoki Mtewele, tuliyemzika Lyamkena mwezi wa Juni, alikuwa seremala wa milango, vitanda na majeneza. Alizaliwa Mdandu, akaoa Makambako, na miaka yake ya mwisho ya nguvu aliimalizia akifanya kazi kwenye shamba la miti ya miwati nje ya Njombe. Huko yeye, mkewe Dorkasi na binti yao Fidelia walipewa nyumba ya vyumba viwili karibu na bwawa. Kila alichokitengeneza kilikuwa na kazi yake, isipokuwa kitu kimoja.

Mwaka 1957 fundi mkuu wa shamba, Bwana Pelham, alileta mashua ndogo ya tanga kwa lori kutoka Ziwa Nyasa. Chini ya tumbo lake ilikuwa na pezi zito la chuma la kuizuia isipinduke. Lakini bwawa lile lilimfika mtu kifuani tu. Siku ya kwanza chuma kilizama matopeni, mashua ikasimama kama ng'ombe aliyegoma, ikabidi ivutwe kwa trekta.

"Enoki, tukikitoa hiki chuma?" Bwana Pelham aliuliza.

"Itapinduka, Bwana."

"Ipinduke. Tunacheza tu."

Neno hilo lilimkaa Enoki moyoni. Alifungua bolti nane, akaziba matundu kwa pamba na lami. Akapasua mwanya mwembamba katikati ya sakafu, akaujengea sanduku ili maji yasiingie ndani, kisha akachonga ubao wa mninga wa kupita humo. Ukiushusha, mashua haitelezi kando; ukigusa matope, unauinua kwa mkono. Kilichobaki ni uzito, na uzito sasa ulikuwa mwili wa mtu mwenyewe. Upepo ukiinamisha mashua upande huu, unakaa ukingoni upande ule, unaegemea nje mpaka mgongo unakaribia maji. Ukisinzia, unaoga. Na mwezi wa Julai, kwa baridi ya Njombe, hakuna anayeoga bwawani kwa hiari.

"Si utie gunia la mchanga," Dorkasi alisema, akianika kaptura ya mumewe kwa mara ya tatu.

"Nikitia gunia nimerudisha chuma."

Bwana Pelham alikwenda likizo kwao Ulaya, akamwachia mashua. Siku sita za juma Enoki alishinda kazini mpaka jioni. Nafasi aliipata Jumapili alasiri, baada ya ibada. Akawa anakwenda peke yake, na watu wakamwona. Naye alikuwa mzee wa kanisa, na katika usharika ule Jumapili haikuwa siku ya kazi wala ya michezo. Mwanzoni mwa Agosti akaitwa mbele ya baraza la wazee.

Mwezi uleule Fidelia alikuwa apate Kipaimara. Desturi yao ilikuwa mtoto apige magoti mara ya kwanza kwenye Meza ya Bwana akiwa katikati ya baba na mama. Viatu vya siku hiyo Enoki alikwishavifuata Makambako. Lakini aliyetengwa na kanisa hapigi magoti.

"Baba Fidelia," Dorkasi alimwambia asubuhi ya baraza, "wanaoagizwa kazi na wazungu wanasamehewa. Sema Bwana alikuachia uiangalie. Au hakukuachia?"

"Aliniachia."

"Basi."

Enoki alimaliza uji wake, akaondoka.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Sila, mkulima wa viazi mwenye mwili wa watu wawili. Yeye na Enoki waliimba besi pamoja katika kwaya kwa miaka kumi mizima.

"Kamwene, Ndugu Enoki."

"Kamwene, Mzee."

"Mwajiri wako alikuagiza uijaribu ile mashua?"

Enoki aliitazama mikono yake. Alikuwa ametengeneza milango maisha yake yote, na huu aliutambua: umeachwa wazi kwa ajili yake.

"Hapana, Mzee. Nilikuwa nacheza."

"Pengine ukiwa kule unasali?"

"Sisali. Upepo ukivuma siwazi chochote. Nafurahi tu."

Alitengwa mpaka Majilio, karibu miezi minne.

Siku ya Kipaimara alikaa benchi la nyuma. Fidelia alipopiga magoti, baba yake aliona soli mpya za vile viatu. Aliona pia kwamba binti yake hakumsogelea mama. Alikuwa ameacha nafasi katikati yao, ya mabega ya mtu mmoja. Mchungaji alifika pale na kikombe, akasita, akapita. Enoki akainamisha kichwa na hakukiinua mpaka wimbo wa mwisho.

Jumamosi iliyofuata, Enoki alipotoka kazini jioni, Mzee Sila alimfuata bwawani.

"Nimekuja kuona kitu kilichokunyima Meza ya Bwana."

"Panda, Mzee. Nahitaji uzito."

"Huo ninao."

Enoki akamweka ukingoni. "Sasa egemea nje."

"Nikianguka?"

"Utaangukia majini, si motoni."

Upepo ulishika tanga. Sila akalala nyuma juu ya maji, uso ukitazama mbinguni, na mashua ikanyooka ikakimbia. Walipofika ng'ambo, mzee alipangusa macho.

"Ungeniambia uliagizwa," alisema, "ningekuamini."

"Najua, Mzee. Ndiyo maana sikusema."

Jumapili ya kwanza ya Majilio Enoki alirudi mezani. Fidelia na mama yake walikuwa wameiacha ile nafasi, akapiga magoti humo. Tangu hapo mashua ilikuwa ya Jumamosi jioni, baada ya kazi, na mara nyingi watu wawili walikuwamo, mmoja mnene.

Mwaka huu Bwana Mungu amemwita kwa ugonjwa wa kifua. Jumapili baada ya maziko, Dorkasi na Fidelia walikwenda mezani, wakapiga magoti, na nafasi ikawa katikati yao. Mchungaji alisimama pale kidogo na kikombe chake, kisha akapita.