Kobe na Simu Iliyokuwa Ndani ya Mto wa Kochi

Fundi simu jirani yangu tunamwita Kobe, na aliyembandika jina hilo ni mimi. Kibanda chake na cha kwangu cha ushonaji vinatenganishwa na ukuta wa bati, kwa hiyo kila afanyalo nalisikia, na hulifanya polepole mpaka unatamani umsaidie kupumua. Mteja akileta simu, Kobe hagusi bisibisi. Kwanza anamwambia abonyeze nyota, reli, sifuri sita, reli. Zikitokea zile tarakimu kumi na tano, namba ya utambulisho ambayo kila simu hutoka nayo kiwandani, anazinakili moja moja kwenye daftari lenye jalada gumu, huku akizisoma kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Halafu anaandika jina, anaacha nafasi ya kazi iliyofanyika, na mwisho mteja anatia saini. Wenzake wakati huo wameshamaliza simu tatu.

Miaka sita nilimcheka. Nilimcheka hata ile miwani yake ya kukuzia, aliyoifunga kichwani kwa lastiki ya sketi aliyoiomba kwangu. Mke wake alifariki mapema, akabaki na mabinti wawili, akawalea kwa kibanda hicho hicho. Asubuhi alikuwa akiwasuka mwenyewe kabla ya shule, na niseme ukweli, mistari ilinyooka kuliko pindo zangu.

Mwaka jana simu yangu ilipotea kibandani, mchana kweupe. Siku hiyo alikuwa amekuja wifi yangu, dada wa mume wangu, nimpanulie sketi ya kuanzia kazi. Alikuwa amepata nafasi ya upishi shuleni. Mimi na yeye tulikuwa hatupikiki chungu kimoja, na alipoondoka upesi upesi nikajumlisha moja na moja nikapata kumi. Nikipiga simu yangu, haipatikani. Nikaenda polisi, na nilipoulizwa namshuku nani, sikumung'unya maneno. Simu ikafungiwa, isishike mtandao wowote.

Wifi akaitwa kuhojiwa. Shule ilikuwa inataka barua ya polisi ya kuthibitisha tabia yake njema, na barua ikagoma kutoka. Walimpa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi apewe mwingine. Mimi nikasema moyoni, mwizi na avune alichopanda.

Wiki ya tatu akaja mteja wangu wa mito ya kochi, amekumbatia mto mmoja, analalamika una kitu kigumu kinachomchoma mgongo. Nikaufumua. Kati ya sponji na kitambaa ilikuwa imelala simu yangu. Kumbe siku ile niliiweka juu ya sponji ikiwa imeisha chaji, nikavisukumiza vyote ndani ya foronya, na kwa kuwa zipu ziliniishia, nikafunga kwa sindano ya mkono. Fundi wa miaka kumi na minane, nimeshona simu yangu mwenyewe.

Unadhani nilikimbilia kwa wifi? Thubutu. Nilikimbilia upande wa pili wa bati. Kobe abadilishe ile namba ya utambulisho, simu ifunguke, niseme nimenunua nyingine inayofanana nayo, na mambo yaishe.

Kobe akanikalisha, akanibonyezesha, akaandika tarakimu zake kumi na tano. Kisha akaweka kalamu chini akasema kazi hiyo haifanyi. Nikamwonyesha risiti: simu ni yangu, sasa hapo namwibia nani? Akanieleza kwa upole kwamba sheria haiulizi simu ni ya nani. Kuichezea namba hiyo ni kosa, kwa anayeibadilisha na kwa anayemtuma. Yeye aliwahi kubadilisha moja, zamani, bila kuuliza imetoka wapi. Kumbe ilikuwa ya mama mmoja aliyeporwa njiani. Alilala rumande siku kumi na moja, mabinti zake wakilala kwa majirani. Daftari lilianza siku aliyotoka.

“Walioifunga ndio wataifungua,” akasema. “Nenda kituoni ukaifute ripoti.”

Nikamwambia siwezi. Akaniuliza kwa nini, na hapo ikabidi niseme nilimtaja nani. Akavua miwani.

“Nikikubadilishia, jirani, wewe utapiga simu zako. Lakini ripoti itabaki, na jina la wifi yako litabaki humo humo.”

Nikamwita mwoga, nikarudi kwenye cherehani yangu. Ile sketi ilikuwa ingali kwenye msumari, na alama za chaki nilizoziweka mwenyewe. Nikaikazia macho mpaka hasira ikaniisha, ikabaki aibu tupu.

Asubuhi nilimkuta wifi anafua. Nikasema yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alikamua nguo iliyokuwa mkononi, akaianika, ndipo akanitazama.

“Wiki tatu natembea nimeinamisha kichwa,” akasema. “Twende. Lakini utatangulia wewe, na utaongea wewe.”

Nikatangulia, nikaongea. Kituoni walinirudisha mara mbili kwenye habari ya mto, wakacheka, na ilikuwa haki yao. Barua ya wifi ilitoka siku mbili kabla ya mwezi kuisha.

Simu yenyewe ilifunguliwa baada ya siku tisa. Nilikuwa kwa Kobe, namwonyesha, ilipoita kwa mara ya kwanza. Alikuwa wifi, anapiga kutoka jikoni shuleni, sufuria zinagongana nyuma yake. Anauliza sketi yake itaisha lini. Nikamwambia iko tayari, na nimeikagua mifuko yote, haina simu. Alicheka, na mimi nikalia pale pale kwenye kiti cha wateja.

Kobe alinisubiri nimalize, kisha akanisogezea daftari. Nilikuwa nimeondoka siku ile bila kutia saini. Namba ilikuwepo, jina lilikuwepo, na penye kazi iliyofanyika ameandika: Hakuna.

“Hata hii niisaini?” nikamuuliza.

“Hiyo hasa,” akasema.

Nikasaini. Asante, Kobe, kwa kazi usiyoifanya.