Alifikaje Barabarani

Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikaacha kwa sababu ng'ombe wa baba hawakuwa na mchungaji. Hata hivyo, kwenye fomu ya madaktari wa moyo kuna swali moja langu. Sioni haya kulisema, maana yule daktari mwenyewe, ambaye leo anafundisha wenzake kazi ya wagonjwa wa dharura, hajawahi kulikana.

Miaka ile serikali ilipofungulia watu binafsi biashara nilinunua pikapu iliyotumika, nikawa nashusha ndizi kutoka Marangu hadi Himo. Ndiko yule daktari alikonikuta. Alikuwa mwanamke ambaye hajafika miaka arobaini, raba miguuni, faili kwapani, na gari lake la kazi liko gereji. Alikuwa akitafiti watu wanaoshikwa na ugonjwa wa moyo ghafla: kwa nini wanafika Moshi wamechelewa, wengine wakifia njiani. Nilidhani kazi hiyo hufanywa wodini. Kumbe alitaka kwenda majumbani, kwa waliopona na kwa wajane, akanikodi nimpeleke.

"Daktari, aliyekufa utamtibu vipi?" nikamuuliza.

"Simtibu yeye, mzee. Namtafuta anayefuata."

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Mwanzoni nilikuwa namsubiri garini, baadaye nikaanza kuingia naye, maana nilitaka kujua. Aliuliza yale yale: maumivu yalianza lini, mlingoja muda gani, mlipanda gari gani. Aliandika kila kitu, hata maziwa ya mgando waliyomnywesha mgonjwa wakidhani ni kiungulia.

Siku moja, mlimani juu ya mji wa Mkuu, mjane alitusimulia jinsi mumewe alivyobanwa kifua asubuhi. Akaoga, akavaa suti ya kanisani, akafunga tai, akashuka kwa miguu hadi barabarani. Akaanguka akingoja gari. Daktari akaandika muda, akafunga faili.

Tulipoondoka nikamwambia, "Umeuliza alipanda gari gani. Hujauliza alifikaje barabarani."

"Si alitembea?"

"Alitembea. Na yule marehemu wa Kilema tuliyesimuliwa juzi naye alitembea. Hapa kwetu mwanamume anayeshushwa amebebwa ni maiti. Akiwa hai atatembea, tena viatu vimepigwa rangi."

Akaniambia nisimamishe gari. Alizitandaza karatasi zake zote juu ya boneti, akaliandika swali langu chini ya maswali yake, akaniuliza mteremko wa vihamba vyetu, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, ukoje, na barabara iko mbali kiasi gani. Nami nikamuuliza la kwangu: kutembea kuna ubaya gani kwa mtu anayeweza? Akasema moyo ni nyama inayolishwa na mishipa midogo; mmoja ukiziba, kila hatua inadai kazi kwa nyama yenye njaa. Nilimwelewa upesi kuliko alivyotegemea. Injini imekauka oili, nawe unaipandisha Marangu na shehena.

Msimu wa kahawa uliofuata, shemeji yangu alikuja mbio. Kaka yangu anaumwa kifua na taya, jasho linamtoka kama maji, na ameagiza maji ya moto aoge. Nikamkuta amekaa kitandani na nguo za shambani, soksi mguu mmoja.

"Lala," nikamwambia.

"Nani amekuita?"

"Utashushwa juu ya kitanda hiki."

"Wewe na darasa lako la tatu umeshakuwa daktari? Mimi kifungua mimba wa nyumba hii nishushwe nikiwa na matope ya shambani, majirani waanze kuchimba kaburi?"

Kubishana naye kulikuwa kumuua. Nikatoka, nikakata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, nikarudi, nikapiga magoti, nikamwekea mkononi. Kwetu Uchaggani aliyekukosea akikuletea jani hilo kuomba radhi humkatalii, hata kama amemwaga damu.

"Umenikosea nini?" akauliza.

"Hiki ninachokwenda kukufanyia."

Akaivua ile soksi moja. Kisha akalala.

Tulimbeba wanaume wanne katikati ya migomba hadi kwenye pikapu yangu. Mama mmoja alipotuona akaanza kilio cha msiba. Kaka akainua kichwa. "Nyamaza mama, sijafa. Nabebwa na mjinga."

Hospitalini Moshi walimfunga nyaya za mashine inayochora mapigo ya moyo. Daktari yule yule akasoma karatasi iliyotoka, akasema mshipa umeziba, ila tumewahi. Kama atapona hajui. Siku tatu nilikaa kwenye benchi nikijiuliza kama nimemwondolea kaka heshima yake ya mwisho bure.

Siku ya nne kaka akafumbua macho, akadai mtori wa ndizi.

"Majirani wamesemaje?" akaniuliza.

"Wamesema wewe ni mzito."

Akasonya, akageukia ukuta. Jani alishalipokea, hakuwa na la kunidai. Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu. Shemeji alikuwa amemsimulia yote.

"Mzee, hilo jani lipo kila nyumba?"

"Kila mpaka wa kihamba."

Akavuta kiti, akafungua faili. "Basi anayefuata naye atakubali kubebwa."