Siku Niliyomvua Mkwe Shuka

Chekeni tu, mimi nimeshalia vya kutosha. Aibu hii sikumsimulia hata mama yangu mzazi, ingawa aliisikia kwa watu kabla jua halijazama.

Miaka ile ya sabini nilikuwa mzamiaji, nimefundishwa bandarini Mwanza, natumwa na mtungi wangu wa hewa mgongoni popote palipozama kitu, na siku hiyo ilikuwa pampu, imedondoka kwenye shimo la mgodi wa zamani nje ya Geita, limejaa maji, kina futi mia na thelathini. Watu wakafurika kutazama. Akaja pia Mzee Masanja na baiskeli yake, baba yake Kabula, binti niliyemposa (moyo wangu wote ulikuwa kwake, sifichi) na posa ilikuwa bado inangoja neno la huyo mzee, basi katika kusukumana kwa watu ile baiskeli ikateleza, ikatumbukia, ikakwama kwenye ukingo wa ndani, futi hamsini chini.

"Ng'wanawane, mwanangu," mzee akaniambia, "nitolee baiskeli yangu kwanza."

Sasa, mwalimu wetu alitukaririsha: ukizamia mara mbili kwa siku, anza na kina kirefu, kifupi kifuate, ukipindua damu inaingia mapovu. Nikamnong'oneza mshenga wangu, Shija, amwombe mzee angoje nitoe pampu. Shija akanikodolea macho: "Mkwe hasubirishwi! Unataka mke au hutaki?"

Nikazama. Baiskeli ilikuwa imenasa matopeni, nikahangaika nayo karibu saa nzima, nikaitoa, vigelegele, mzee anatabasamu, nami kichwa kikavimba, nikabadili mtungi tu, nikashuka tena moja kwa moja kufuata pampu bila kupumzika, nikaifunga kamba, na kwa kutaka sifa nikapanda juu mbio.

Nilipotoka majini nikaenda kumwamkia mzee. "Shikamoo ba..." Sikumaliza. Magoti yalishikwa na maumivu ambayo hata leo sijui niyaeleze vipi, miguu ikafa, nikadaka kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni shuka la mzee, amelivaa lubega, fundo moja tu begani. Likafunguka. Nikaanguka nalo mkononi, na mzee wa watu akabaki kama alivyozaliwa, mbele ya umati mzima.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Kalewa huyo," mtu akasema, nami nalia kwa uchungu, siwezi hata kumrudishia shuka lake. Shija akavua koti akamsitiri. Mzee akanitazama pale chini, akasema taratibu, "Umeniona. Mtu aliyeniona hivi hawezi kuwa mkwe wangu."

Nililala hospitali wiki tatu. Daktari akaniambia huenda kutanguliza kina kifupi hakukuwa na kosa lolote, kosa ni kukaa sana chini kisha kupanda mbio (yaani hata cha kulaumu nimenyimwa). Shija alikwenda kwa mzee mara mbili kuomba radhi, mara mbili akarudishwa mlangoni. Baada ya mavuno Kabula akaolewa na mtu mwingine, huko Didia.

Nachechemea hadi leo. Niliapa sitazamia tena, na kwamba mkwe akinitaka jambo ninalolijua lina hatari, nitapiga goti, nitamwambia, "Baba, subiri kidogo." Basi. Miaka imekwenda, na mkwe wa kumwambia hivyo sijampata.