Mwonja Chai wa Jeppestown

Watu wa kwetu Morogoro wanasema Johannesburg sikuoa, niliolewa. Siwabishii. Naishi La Rochelle kwa baba mkwe, napika, nafua, na nisiposukumwa kutoka naweza kumaliza wiki nzima nikisoma hali ya hewa kwenye kamba ya nguo. Mke wangu ndiye anayekwenda kazini. Kwa hiyo mimi, mkaa jikoni, ndiye niliyejua kwanza.

Jioni moja nilijisahau nikautia mchuzi chumvi mara mbili. Mke wangu alitema. Baba mkwe alikula mpaka akaifuta sahani kwa mkate, akasema, "Leo umejitahidi, bwana mkwe."

Angekuwa mzee mwingine ningefurahia sifa. Huyu kazi yake ni kuonja chai.

Ukoo wao, Wahindi wa Durban, ulianza kuuza chai katika karne ya kumi na tisa, baba na wanawe, na dhahabu ilipopatikana huku wakaifuata. Si kuichimba, bali kuwauzia chai wachimbaji. Hadithi hiyo nimesimuliwa mpaka nakaribia kudai urithi. Maji hubadilisha chai, kwa hiyo wazee wale hawakumchanganyia mtu majani kabla hajaleta chupa ya maji ya kwake, yawe ya kisima, ya mto au ya tangi la mgodini. Chupa ilibaki dukani maadamu mtu ni mteja. Na mmoja tu katika ukoo ndiye aliyeshika kijiko cha kuonjea. Akishasema chai ni nzuri, hakuna wa kufungua mdomo mbele ya vikombe, mpaka siku atakapokikabidhi mwenyewe kwa hiari yake. Baba mkwe alikishika aliporudi kutoka uhamishoni Tanzania, alikojifunzia Kiswahili na kumlea binti mmoja mkaidi.

Duka liko Jeppestown, katikati ya karakana. Lilikuwa limebakiwa na mnunuzi mmoja wa maana, mama wa Soweto anayewauzia wenye spaza, vile viduka vya mitaani, na wenye misiba. Huyo akiondoka, tunafunga.

"Ni yale mafua yaliyomlaza Baba," nilimwambia mke wangu. "Yameondoka na ulimi wake. Na pua pia. Stoo inavuja, majani yananuka gunia lililolowa, yeye anapita tu."

"Umemwambia?"

"Mimi? Mimi nimeolewa hapa."

Hakucheka. "Ukimwambia utamuua. Usipomwambia, duka litakufa, halafu yeye atalifuata."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Sijui. Wewe ndiye unayeshinda naye."

Siku ya mama wa Soweto kuja kununua, nilimwendesha mzee dukani. Niliomba robot zote, yaani taa za barabarani, ziwe nyekundu. Zote zilikuwa zimezimika, tukapita kama wafalme.

Mama alikuwa ameshafika. Mzee alichemsha maji ya chupa ya huyo mama, akapanga vikombe, akafyonza kwa ile kelele ya waonjaji, akatema, akafumba macho. Nilisimama nyuma yake nikisikia harufu ya ukungu ikipanda na mvuke. Nilifungua mdomo, nikakikumbuka kijiko, nikaufunga.

"Nzuri," akasema.

Mama alikunywa funda moja. Akakiweka kikombe chini taratibu kama anayelaza mtoto.

"Baba, nitakupigia simu."

"Magunia huyachukui leo?"

"Nitakupigia, Baba."

Akaichukua chupa yake, maji yakiwa bado nusu, akaipakata, akatoka.

Mzee aliutazama mlango. Kisha, bila kunigeukia, akanisogezea kikombe.

"Onja."

"Baba, mimi ni mtu wa tangawizi na sukari nyingi, ulimi wangu—"

"Nimesema onja."

Nilionja. Nilimtafuta mke wangu kwa macho, kana kwamba angetokea kwenye rafu. Nikasema, "Imeoza, Baba."

Hakuuliza nimejua tangu lini, na hilo liliniumiza kuliko tusi. Alikishika kijiko kwa mikono miwili. Sikutaka anipe, naye hakunipa.

"Ile pale, ya pili. Fyonza kwa nguvu, usinywe kama mgonjwa. Nieleze."

"Chungu."

"Kila chai ni chungu. Uchungu wake uko mbele ya ulimi au nyuma?"

Nilifyonza, nikapaliwa, nikakohoa mpaka machozi. Nina kidato cha nne. Hakuna aliyenifundisha nyuma ya ulimi ni wapi.

"Sijui, Baba."

"Eish." Akavuta kiti, akakaa karibu nami, akainamisha sikio kuelekea mdomo wangu kama mtu anayesikiliza redio yenye betri iliyokwisha. "Onja tena. Polepole. Halafu uniambie, hata kwa uongo, ilivyo."