Nusu Megabiti

Kwa miaka kumi na minne Homnath Poudel alikuwa fundi wa mtandao wa bonde zima, na hakuna aliyewahi kumkuta na kosa la hesabu. Laini iliyopanda bondeni ilibeba megabiti mia. Tisini aliwagawia watu. Kumi alikitengea kipimo cha mto kilichofungwa juu kule kwenye barafu, chenye kazi ya kuliza king'ora cha sokoni mafuriko yakija. Kumi hizo aliapa hazitaguswa.

Wiki ya sikukuu ya Dashain, baba yake mdogo Bishwaraj, mwenye kampuni, aliinamia skrini.

"Hicho kidude chako kinakula kiasi gani?"

"Kwa wastani hata nusu megabiti hakifiki, baba mdogo."

"Tisa na nusu zimelala tu! Nyumba sita zitakosa kuwaona watoto wao walioko Doha, na yangu imo. Au unataka nimpake binamu yako tika ya baraka kwenye paji la picha ya ukutani?"

Mafundi wakaangua kicheko. Homnath naye akacheka, kisha akaandika kikomo kipya: nusu.

Wastani ni hesabu ya siku tulivu, na hilo alilijua. Mto ukifura, kipimo hutuma picha mfululizo na kudai megabiti nane. Alinyamaza kwa sababu kesho yake angemwinamia mzee huyo huyo kupokea baraka. Ndivyo watu wema wanavyouza dhamana yao: kwa adabu.

Mnajimu alitaja saa nne na dakika arobaini na saba asubuhi kuwa saa njema ya kupaka tika. Dakika hiyo bonde zima lilipiga simu kwa pamoja. Nyumbani kwa baba yake mdogo, Homnath, mchele mwekundu wa tika uliokandwa kwa mtindi ukiwa bado mbichi kwenye paji lake, alichungulia simu yake. Mstari wa kipimo ulikuwa umegota kwenye kikomo, umenyooka kama uzi.

"Baba mdogo, taarifa za kipimo zimekwama kwenye foleni. Nazikata simu za watu."

"Thubutu! Usikanyage hapa tena!"

Akazikata, akakirudishia kipimo megabiti zake kumi. Kwenye skrini uso wa binamu uliganda, mdomo wazi. Foleni ikafunguka, na taarifa ya kwanza ikaingia: maji yamepanda mita nne, saa nne na dakika ishirini na nane.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika hamsini. Kutoka barafuni hadi sokoni, maji hutumia dakika ishirini na tano.

King'ora kikaanza kulia. Nje jua liliwaka, na watu wenye mapaji mekundu walitazamana wakitabasamu, wakidhani ni shamrashamra.

"Pandeni juu!" Homnath alipiga kelele akikimbilia mtoni. "Acheni vitu, pandeni!"

Nyuma yake, mezani, bakuli la mtindi lilianza kutetemeka.