Simu ya Mapokezi Ilikuwa Inakula Maneno

Nilikosea mimi. Si mvua, si mtandao wa Dagahaley, si Halima. Mimi! Nisikilizeni hata kama mtanilaani, maana nyumbani kwetu hakuna ninayeweza kumwambia.

Ni fundi wa kompyuta katika ofisi moja hapa Garissa inayosafirisha chakula kwa malori. Bosi alileta simu mpya za mezani, zile zinazochomekwa kwenye waya wa mtandao, halafu kompyuta ya mwenye meza inachomekwa nyuma ya simu. Simu na swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao, zikiachwa zenyewe hupatana: ziende kasi gani, na zitume na kupokea kwa pamoja au kwa zamu.

Mimi nikajifanya mjuaji. Nikazilazimisha simu zote ziende kasi ya juu, zitume na kupokea kwa pamoja. Swichi sikuigusa. Kumbe swichi ikikosa wa kupatana naye, huamua kwenda kwa zamu! Basi upande mmoja unatuma bila kungoja, mwingine unangoja zamu yake. Maneno yanagongana humo ndani, na yaliyogongana hupotea.

Nilizijaribu Ijumaa, wenzangu wote wameenda msikitini. Niliwaambia nitawafuata, nikabaki. Ofisi tupu, hakuna kompyuta inayotuma kitu, sauti ikatoka safi kabisa! Bosi akanisifu mbele ya watu, nami nikavimba kichwa.

Watu waliporudi kazini, Halima wa mapokezi akanijia.

"Walaal, ndugu yangu, simu yako hii inakula maneno. Nikitumia kompyuta ndiyo mbaya zaidi."

"Ni mtandao wa huko wanakopigia."

"Hata anayepiga kutoka hapa mjini?"

"Halima, wewe ni fundi?"

Akaenda zake. Nilipotazama swichi, nikaona hesabu ya makosa inapanda kwenye tundu la simu yake. Nilijua, jamani! Lakini ningemwambia nini bosi baada ya sifa zote zile? Nikasema nitarekebisha kesho, kimyakimya. Kesho ikafika, nikasema kesho tena.

Kisha mvua ikaanza. Asubuhi moja wingu lilikuwa jeusi tii upande wa Dadaab, na lori letu lilikuwa uani likitiwa mafuta. Dereva alikuwa Dubow, seedi yangu, mume wa dada yangu. Alipita dirishani kwangu akicheka.

"Warya, wewe, leo usiponingoja tule pamoja, nitakutafuta!"

"Nitakungoja," nikamwambia.

Simu ya mapokezi ikalia. Alikuwa mtunza stoo wetu wa Dagahaley, kambi ya huko Dadaab lori lilikokuwa linakwenda. Halima alikuwa na kompyuta yake inatuma mafaili makubwa, nikamsikia akipaza sauti: "Haloo! Sema tena! Sikusikii, wallahi sikusikii!" Ikakatika. Akapiga yeye, hapatikani. Akarudia, hapatikani.

Akanigeukia. "Huyu alikuwa na jambo. Tusimamishe lori kwanza?"

Aliniuliza mimi! Nami kwa kuogopa habari ya simu isifike kwa bosi, nikasema, "Atapiga tena akitaka. Wacha watu wafanye kazi."

Lori likatoka getini.

Mtunza stoo alikuwa anatuambia laga, ule mto wa msimu, imejaa, maji yamekata barabara, lori lisitoke. Tulijua jioni, alipopata mtandao tena. Dubow alikuwa ameshaingia majini. Lori lilikutwa limelala ubavu. Yeye alipatikana mbali, ameshakufa, maji yalipopungua.

Sasa sikieni ubaya wangu. Kabla bosi hajauliza lolote, nilikuwa nimesharudisha simu zote kama zilivyotoka kiwandani. Zilipojaribiwa, zikawa nzima. Lawama yote ikamwangukia Halima, eti alipewa ujumbe akaupuuza. Alilia, akaapa hakusikia hata neno. Akafukuzwa, nami nimekaa kwenye kiti nikitazama sakafu.

Dada yangu alinishika mkono akaniuliza, "Wewe ulikuwepo. Huyo msichana alisikia au hakusikia?" Nikamjibu sijui. Ya Allah! Nikamjibu sijui!

Juzi nilimsindikiza sokoni. Tukakutana na Halima uso kwa uso, amekonda, anauza maziwa. Akatoa salamu. Dada yangu akageuza uso, akatema mate chini. Halima akanitazama mimi, akangoja niseme kitu. Niliinama nikaokota kikapu, nikamfuata dada.

Wewe unayeshika mitambo ya watu, ukiambiwa ina kasoro, inuka ukaangalie. Usimkejeli aliyekuambia. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama utafukuzwa. Mimi sikusema, na sasa kila nikiingia kwa dada yangu ananiwekea chakula kwenye sahani ya Dubow, nami nakula.